Fremu Nyeusi ya Stamen Zvancharov

Stamen Velichkov Zvancharov ni mwana wa Velichko, aliyefua kengele za kondoo wote wa shamba la ushirika bila kurudia mlio. Ni mjukuu wa Stamen mkubwa, ambaye wakati wa vita alitishwa kwa bunduki azitoe kengele zake ziyeyushwe, naye akazifukia chini ya zizi la nguruwe. Yeye mwenyewe alishika nyundo akiwa na miaka kumi na mitatu. Mimi nimeishi ng'ambo ya ukuta wake miaka hamsini na minne. Nimemwona akizika mke, akimwoza binti, akivunjika mguu, na katika hayo yote ile nyundo haikulala zaidi ya wiki.

Wachungaji walipopungua, binti yake Neda, mshonaji wa mji wa Gabrovo, alimtengenezea ukurasa wa mtandaoni. Ulikuwa wa manjano, na namba ya simu ilikuwa kubwa kama ya teksi. Ukurasa mbaya, lakini watu walipiga simu kutoka kote milimani. Majira ya baridi yaliyopita Neda akaona aibu. Akampa kazi fundi wa tovuti wa mji mkuu, autengeneze upya, uwe wa heshima na ulete wateja zaidi.

Ukawa wa heshima. Kuanzia Machi simu ikanyamaza.

Sikukuu ya Mtakatifu Georgi, mwezi wa Mei, ambayo huku ndiyo siku ya kondoo kuvaa kengele mpya, ikapita bila oda hata moja. Stamen akaanza kukaa mlangoni mwa karakana, mikono magotini.

"Siku hizi wanawafunga mitambo shingoni," aliniambia. "Kondoo akipotea wanatazama kwenye simu. Kengele ya nini?"

Mwezi wa nane akapatana na mfanyabiashara wa vitu vya kale: siku ya Mtakatifu Dimitar, Oktoba, aje aichukue fuawe, lile chuma la kufulia, ikapambe mlango wa mkahawa. Fuawe ile ilikuwa ya babu yake. Hakulia wala hakulalamika. Alisema tu, "Nimechoka, jirani," kisha akaendelea kufua kengele ambazo hakuna aliyeziagiza.

Septemba, kabla ya chakula cha mchana, mtu aliyevaa koti jeusi alisimama getini kwake. Nilikuwa naanika pilipili. Nikamtambua, Gancho, mchungaji wa ng'ambo ya mlima, mteja wa miaka mingi. Mkononi alishika maua meupe manne. Manne, hesabu ya jozi, ambayo huku hupewa maiti peke yake.

"Bibi, nimechelewa, nisameheni," akasema huku kofia iko kifuani. "Ndiyo kwanza nimeona juzi. Nimekuja kuwapa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya Mzee Stamen."

Karakanani nyundo ikalia. Gancho akageuka.

"Na huyo anayegonga?"

"Mzee Stamen," nikamwambia.

Stamen akatoka akijifuta mikono kwenye aproni. "Gancho! Umepotea wapi, mshenzi wewe? Maua ya nani hayo?"

"Yako," Gancho akajibu.

Stamen akayahesabu kwa macho. "Basi punguza moja."

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Halafu Gancho akatoa simu yake, na kicheko kikaisha. Ulikuwa ule ukurasa mpya: picha ya Stamen isiyo na rangi, imezungushiwa mstari mweusi. Chini yake jina kamili, na chini ya jina miaka miwili: 1967, alipoanza kazi, na 2023, tovuti ilipotengenezwa. Kila mlango wa kijiji hiki una karatasi kama hiyo ya mtu aliyekufa. Na namba ya simu? Tuliisaka mpaka chini kabisa, imeandikwa kwa maandishi ya kijivu.

"Hata ningeiona," alisema Gancho, "nani anampigia marehemu simu?"

Jumamosi Neda akaja. Baba yake alimwekea simu mezani, ukurasa umefunguliwa.

"Nimeutazama mara mia," Neda akasema, machozi yakimtoka. "Nilimwona baba yangu tu. Fremu sikuiona."

"Usilie. Nilikuwa nimeshazoea kufa. Ni kazi nyepesi kuliko hii," Stamen akamjibu.

Neda akafuta fremu na ile miaka. Namba ya simu akairudisha juu, kubwa. Akampiga baba yake picha mpya akiwa na masizi mpaka masikioni. Gancho, ambaye alirudi akashinda nasi Jumamosi ile, alikuwa bado ananung'unika.

"Picha ya kengele ya nini? Picha inalia? Mimi nanunua kwa sikio."

Kwa hiyo wakafungia mbwa ndani, wakazigonga kengele zote thelathini na moja zilizokuwa karakanani mbele ya simu. Kwenye ukurasa, ukigusa kengele, inalia.

Mtu wa kwanza kupiga simu aliuliza anaongea na nani.

"Stamen."

"Mtoto wake?"

"Mwenyewe!"

Ikabidi amwambie mara tatu. Mteja huyo alitaka kengele arobaini za kundi zima, zilizopatana mlio. Mfanyabiashara wa vitu vya kale alipokuja na gari lake Oktoba, alimkuta Stamen anachoma kengele za oda hiyo tanurini, kazitia ndani ya udongo pamoja na vipande vya shaba nyeupe ili iyeyuke na kuzipaka. Akaondoka mikono mitupu, akitukana.

Usidhani Stamen alifurahi. Jioni ile mgongo wake ulikataa kunyooka, na nilimsikia akiihesabu kwa sauti miaka aliyoishi baba yake. Asubuhi, Neda, aliyekuja kwa sikukuu, alipokuwa anataka kurudi mjini, baba yake akamwita karakanani, akamkabidhi nyundo ndogo ya mti ya kujaribia mlio.

"Sikio langu la kushoto limekufa kweli," akamwambia. "Nimelificha mwaka mzima. Kuanzia leo kila kengele naileta kwako kwanza. Uigonge wewe. Ikilia vibaya usiiweke kwenye ukurasa, nirudishie niivunje."

"Na ukibisha, baba?"

"Nitabisha. Nirudishie tu."