Kila Muhumbahumba Aujuao Akonkwa

Saa moja asubuhi, Isidore Akonkwa anachuchumaa mbele ya beseni katika kitalu cha miche huko Bagira, Bukavu. Anasugua tunda moja moja mpaka nyama itoke, ibaki mbegu. Mbegu ya muhumbahumba haingoji mtu. Ikikauka siku chache tu, imekufa.

Muhumbahumba ni mti wa asili wa milima hii, na gome lake hununuliwa kwa ajili ya dawa. Huko Kabare, milimani jirani na Bukavu, sasa macho yanakutana na mikaratusi tu. Tangu mwaka jana, 2001, kitalu hiki kimeotesha miche 3,200 ya asili, na nusu ya mbegu kaileta Akonkwa.

"Papa Isidore anajua kila muhumbahumba iko wapi," anasema Madeleine, mtaalamu wa misitu anayesimamia kitalu. "Siye tulisoma, lakini yeye njo mwalimu wetu."

Akonkwa anainamisha kichwa. Mwandishi wa makala haya anadhani ni unyenyekevu.

Madeleine akishaondoka, mzee anasema polepole: "Usiandike vile amenisifu. Ile miti niliijua kwa kuichuna."

Mwaka 1999 vita vilifunga shamba la chai alikoajiriwa. Baba huyu wa watoto sita akaanza kuuza magome, dola tatu kwa gunia. Wazee walifundisha kuchuna upande mmoja na kuacha mwingine, mti upone. Yeye alichuna mzunguko mzima.

"Njaa ilikuwa, ndiyo. Lakini hata siku yenye batoto walikuwa wamekula, nilienda tu. Nilihesabu miti arobaini na moja, kisha nikaacha kuhesabu."

Mwezi uliopita, wakitafuta mbegu, yeye na Madeleine walikuta sita kati ya miti hiyo imekauka ikiwa imesimama. Madeleine alilia, akauliza ni nani mwenye roho hiyo.

"Nikamujibu, pengine ni basoda. Vraiment, kweli nasikia haya. Ile uongo njo inanikula kuliko miti."

Kuwasingizia wanajeshi siku hizi ni rahisi, hakuna atakayebisha. Mficha uchi hazai, lakini ukweli huu unaweza kumpokonya kazi pekee aliyo nayo.

Mwandishi anamuuliza kama alifiche jina lake. Akonkwa anafuta mikono kwenye suruali.

"Weka jina yangu yote. Maman Madeleine anasomaka gazeti kila Jumamosi. Kwa mudomo nimeshindwa mara tatu. Jumatatu nitakuja kazini kama kawaida, nitasimama pale inje. Akiniita, nitaingia."