Vyumba vya Ada

Muuguzi alitoka wodini na mfuko wenye viatu vya mgonjwa, na mke wa mgonjwa akajua kabla hajaambiwa.

"Pole, mama. Mzee amepumzika."

Binti yao, aliyekuwa amekwenda kununua maji, alimkuta mama yake ameketi palepale kwenye benchi, viatu mapajani, akimwita Mungu kwa sauti ya chini.

Marehemu alikuwa fundi mwashi. Wenzake walimwita Timazi, maana ukuta wake haukuwahi kupinda. Binti alipokuwa bado anatambaa, Timazi alianza kuwaomba waliompa kazi wamlipe sehemu ya ujira kwa matofali.

"Wee Timazi, mtoto hana hata jino, unamwandalia chuo!" wenzake walimtania.

"Akishaota meno si atanitafuna mimi? Hela mfukoni ina miguu, bwana. Tofali haliliwi."

Haba na haba, vikasimama vyumba vitatu vya kupangisha nyuma ya nyumba. Kodi ya cha kwanza ilinunua mabati ya cha pili. Binti akasoma mpaka akamaliza sekondari, akapata nafasi chuo cha ualimu, na baba yake akatamba mtaa mzima kwamba ada inamsubiri.

Ndipo figo zikamwangusha. Tofali haliliwi, kweli, lakini pia haliuziki mojamoja. Mnunuzi alitaka vyumba vyote na kiwanja chake, tena kwa bei ya kutupa, kwa kuwa aliwaona wamebanwa.

"Mke wangu, vyumba usiviguse," Timazi alisema kitandani. "Mimi nimeshaishi."

"Na mimi niishi na nani? Na wapangaji?"

Timazi alicheka hadi akakohoa. Kesho yake mkewe akauza. Hela ikaenda kwenye dawa na mashine, ikaisha, ugonjwa haukuisha. Kila alipopata nguvu, mgonjwa aliuliza, "Wapangaji wamelipa?" Mkewe akajibu, "Wamelipa, mume wangu," kisha akatoka nje kumwomba Mungu msamaha.

Usiku wa matanga binti alimwambia, "Mama, hata mimi ningeuza."

"Usinifariji, mwanangu. Nimeuza chuo chako nikanunua miezi michache tu."

"Tulikuwa naye hiyo miezi."

Chuo kingefunguliwa wiki ile ile, na hapakuwa na mtu wa kumkopa ada. Waliokuwa nacho walikuwa wameshachangia gharama za hospitali.

Mazishi yalikuwa asubuhi. Mafundi wenzake walichimba kaburi wenyewe, kingo zikanyooka. Jeneza lilipofunguliwa, mkewe aliinama akamwambia sikioni, "Viliuzwa. Sikuweza kukutazama ukifa." Shemeji zake wakamwinua. Ikasomwa sala, jeneza likateremshwa, binti akatupa udongo, kisha mama yake. Mafundi wakafukia. Watu wakashikana mikono na wafiwa, wakaondoka mmoja mmoja, na jua lilikuwa limeshakuwa kali.