Taa Iliyowaka Bila Waya

Mume wangu Nasuru hakujua kulima, na shamba la baba yake kule Ludara ni shahidi. Jeshini alifundishwa redio tu. Mwaka 1979 jeshi lao liliposhindwa tulikimbilia Sudani, tukarudi Koboko mikono mitupu, na ujuzi wake ukabaki ule ule mmoja. Kwa hiyo shirika la kusaidia wakimbizi lilipomwajiri akae kwenye redio yao ya mawasiliano, nilifunga siku tatu kumshukuru Mungu.

Kila saa mbili asubuhi aliita ofisi yao ya Arua, Arua ikaitika, nami nikampelekea chai. Nilikaa kwenye benchi kando ya mashine nikimsikiliza. Nyumbani alikuwa mnyonge, lakini pale sauti ya askari ilimrudia. Niliipenda sauti ile, sioni haya kusema.

Mwaka 1993 macho yake yakaanza kuona ukungu. Wiki hiyo hiyo mtu aliegemeza taa ya mrija iliyokufa ukutani, karibu na waya wa antena. Nasuru alipobonyeza kitufe cha kuongea, taa ikawaka. Alipoachia, ikazima. Watu walijaa mlangoni kutazama, wakacheka, lakini yeye hakucheka.

“Mama Yugu,” aliniambia, “hii taa haina waya, na iko nawaka. Sasa macho yangu je?”

Nilimfuta macho kwa ncha ya kanga yangu.

Akataka ngao ya kuyakinga macho na redio. Nikawa nazunguka madukani kuomba zile karatasi za kung'aa za ndani ya pakiti za sigara, nikazishonea kwenye kofia yake, zikashuka hadi usoni. Koboko nzima ikasema mke wa Nasuru anavuta sigara. Wambea wale! Nilishona hivyo hivyo, na ukungu ukazidi hivyo hivyo.

Mwisho tukapanda lori hadi Arua, kwa daktari wa macho aitwaye Ocama. Alimulika kurunzi, akasema ni mtoto wa jicho na kwamba angeweza kumpasua.

“Ni redio nafanya hii?” Nasuru akauliza. “Kama ni redio, utanipa jicho mpya, nayo itakula tena. Niambie niache kazi ama nisiache.”

“Mzee, yaweza kuwa jua, yaweza kuwa umri. Redio, mimi sijui. Siwezi kukwambia ndiyo, siwezi kukwambia hapana.”

Nilikasirika. Mtu amesoma miaka yote hiyo, na anajua kama mimi! Labda hasira ile ndiyo ilimfanya anitazame. Akainua kurunzi.

“Na wewe, mama? Hili la kushoto, tangu lini?”

Nilikuwa nimeficha karibu mwaka mzima. Nyumba moja haiwezi kuwa na vipofu wawili, ndivyo nilivyojiambia. Nikafurahi hata: mimi sijawahi kubonyeza redio, napika kwa kuni tu, basi redio haina kosa!

“Unaona, Baba Yugu? Si redio. Ni moshi, ama ni uzee.”

Nasuru aligeuza uso kunielekea. Kisha akasema polepole, “Ile benchi yako. Kila asubuhi ulikaa kwa ile benchi.”

Sikuwa nimeliwaza hilo. Tulirudi bila kupasuliwa, na njia nzima niliwaza: moshi, benchi, jua la Sudani, na kila nilichoshika kiliponyoka.

Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi nilipeleka chai kama kawaida. Nilimkuta nje ya chumba cha redio, ameburuta kisigino vumbini na kuchora mstari, hatua ishirini kutoka mlangoni.

“Chai simamisha hapa. Usipite.”

“Na wewe je?”

“Mimi iko na kazi. Watoto watakula nini?”

Alikunywa amesimama, akanirudishia kikombe, akavaa ile kofia na kuingia ndani. Nikaziba jicho la kushoto nione vizuri. Kutoka kwenye mstari sauti yake haikunifikia, ila niliona ile taa ikiwaka, ikizima, ikiwaka tena.