Ongeza Sauti, Mwalimu

Nyumbani kwetu, mtoto akikosea na hataki kugombezwa, alifumba macho tu. Mama yetu ni kiziwi tangu utotoni, na ugomvi wake wote, kama mapenzi yake yote, uko mikononi. Mimi na mdogo wangu tulijua kusema kwa mikono kabla hatujajua kusema kwa mdomo. Ila mimi nilikuwa mtoto wa kufumba macho. Mdogo wangu aliyakodoa, akayapokea yote, hadi mikono yake ikawa hodari kuliko ya mama mwenyewe. Mtaani wakambandika jina la Mikono, na mpaka leo, japo ni msomi mzima wa chuo kikuu, mwenye duka wa mtaani anamwita hivyo hivyo.

Mimi ni fundi cherehani. Digrii sina wala siitafuti. Namsimulia mdogo wangu kwa sababu yeye mwenyewe hatasema. Ni mpole kupita kiasi, na mtu mpole akidhulumiwa watu hudhani ameridhika.

Alisomea ualimu wa watoto viziwi. Alichokitaka ni kimoja tu: kufundisha katika ile shule ndogo nyuma ya soko, ambako alikuwa akijitolea tangu hajaingia chuo. Mwalimu mkuu alishamwekea nafasi. Zilibaki maksi za mazoezi ya kufundisha. Akifeli hizo anarudia mwaka, na nafasi inakwenda kwa mwingine.

Zamani mkufunzi alikuja mwenyewe, akakaa dawati la nyuma, akaangalia. Siku hizi chuo kimenunua mfumo. Unarekodiwa ukifundisha, video inatumwa mtandaoni, mashine inaipima na kutoa maksi. Hakuna binadamu anayeiangalia. Na hilo walilitangaza kwa majigambo, eti sasa upendeleo basi, haki imepatikana.

Kushika simu ya kurekodi ilikuwa kazi yangu. Somo lilihusu maji yanavyogeuka mvuke. Mdogo wangu alichemsha maji kwenye jiko la umeme, akafunika sufuria, akafunua, akawageuzia watoto mfuniko uliojaa matone. Halafu mikono ikaanza. Vidole vilipanda polepole, vikakutana na baridi huko juu, vikashuka matone. Watoto wakasimama ili waone vizuri. Binti mmoja mwenye pengo, mbishi huyo hana mfano, akauliza kama maji ya nguo zilizoanikwa nayo yanakwenda kwenye mfuniko. Mdogo wangu hakumjibu. Alimuuliza tu, mfuniko wake uko wapi? Mtoto akawaza, akageukia dirisha, akatazama juu kulikokuwa na mawingu, kisha akajishika kichwa kwa mikono miwili. Nilikaa darasani miaka mingi enzi zangu, na sikuwahi kuona mtu akielewa jambo namna ile.

Matokeo yakaja kesho yake. Kumi na moja kwa mia. "Sauti ya mwalimu: haipo. Mwitikio wa wanafunzi: haupo. Muda mwingi wa somo umepotea katika ukimya. Ushauri: ongeza sauti."

Ongeza sauti! Kwa viziwi! Nilicheka mpaka nikashika mbavu, halafu nikaona ninacheka peke yangu. Mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye kistuli cha wateja pale ninaposhonea, anaisoma tena ile ripoti kama vile kosa ni lake. Damu ikanichemka. Nikaifunika cherehani, nikamshika mkono, tukaenda chuoni.

Kwenye ofisi ya mitihani ya mtandaoni tulimkuta afisa mwenye kitambulisho shingoni. Macho yake hayakubanduka kwenye kompyuta.

"Shida nini, dada?"

"Mfumo wenu umempa mdogo wangu kumi na moja kwa sababu hakuongea," nikasema. "Na wanafunzi wake ni viziwi."

"Sawa. Ila mfumo unahitaji sauti."

"Ndugu yangu, umenisikia kweli? Viziwi. Hawasikii."

"Nimekusikia, dada. Tatizo si wao kusikia. Tatizo ni mfumo kusikia."

Nikamwomba basi aifungue video aione kwa macho yake, dakika mbili tu. Akasema hana ruhusa, maana binadamu akiangalia ataleta upendeleo. Nilitaka kumrukia. Mdogo wangu akanifinya kiwiko, akauliza kwa adabu kama kuna rufaa. Rufaa ipo, inachukua muhula mzima. Au arekodi upya kabla mfumo haujafungwa Ijumaa.

Mhadhiri wake tulikutana naye kwenye ngazi. Mzee wa watu akasikitika kwelikweli.

"Binti yangu, wewe ndiye bora kwenye darasa langu, nalijua hilo. Lakini siku hizi maksi sizigusi. Ongea huku ukitumia mikono, upite, halafu uende ukawafundishe hao watoto unavyojua wewe."

"Asante, mwalimu," mdogo wangu akasema. Hasira zangu kwa mzee yule hazijaisha mpaka leo. Anaiona dhuluma inapita mlangoni kwake, anaisogezea kiti.

Maana asiyejua atadhani ni jambo dogo, kuongea huku unatumia mikono. Lugha ya ishara si Kiswahili kilichobandikwa vidoleni. Ina mpangilio wake, na uso ni nusu ya maneno: nyusi zinauliza, mashavu yanakuza, midomo inakataa. Mdomo ukienda kushughulika na lugha nyingine, mikono inabaki yatima.

Tukarekodi Alhamisi. Jiko lile lile, sufuria ile ile. Mdogo wangu akaongea kama mtangazaji wa redio, na mikono ikawa inamfuata nyuma, inachelewa, inaruka maneno, inaanza ishara haiimalizi. Watoto wakamtazama mdomo, wakatazama mikono, wakatazamana. Yule mwenye pengo akanyoosha kidole, akakaa nacho juu mpaka kikamchosha, akakishusha.

"Mmeelewa?" mdogo wangu akauliza kwa sauti.

Kimya. Hasira zikanipanda, nikaitikia mimi, nyuma ya simu, kwa sauti ya kitoto: "Ndiyo, mwalimuuu!" Akashtuka kidogo, akaendelea. Akauliza tena, nikaitikia tena, safari hii kwa sauti mbili tofauti. Sioni aibu kulisema.

Themanini na nne kwa mia. "Sauti ya mwalimu: bora. Mwitikio wa wanafunzi: mzuri sana."

Wanafunzi gani? Waliokuwa darasani hawakuambulia kitu. Aliyeitikia ni mimi, mpima viuno vya watu, na kwa itikio langu mdogo wangu amekuwa mwalimu.

Jioni mama alifurahi kupita kiasi. Alimkumbatia, akamwachia, akamkumbatia tena. Kisha akavaa miwani, akataka alione hilo somo la themanini na nne. Mdogo wangu akamwambia simu haina chaji. Mama akamwonyesha waya wa chaji pale ukutani.

Tukakaa kwenye kochi, yeye katikati, sisi huku na huku. Mwanzoni alikuwa akitabasamu. Baadaye akaisogeza simu karibu na uso. Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akairudisha video mwanzo, akaangalia upya, macho ameyakaza, mpaka mwisho. Akaiweka simu mapajani. Akamgeukia mwanawe, na mikono yake ikauliza taratibu, bila ugomvi wowote:

"Mwanangu, hapa ulikuwa unaongea na nani?"

Mimi nikafumba macho, kama zamani. Mdogo wangu alimjibu nini, sijui.