Vidonge vya Kampuni Nyingine

Tezi yangu ya shingo ilitolewa kabla sijaolewa. Uvimbe ulikuwa umekua mpaka kifungo cha juu cha blauzi hakifungi, madaktari wakaukata pamoja na tezi yenyewe. Tangu hapo nguvu za mwili wangu zinatoka kwenye kidonge kidogo ninachomeza kila asubuhi. Miaka yote nilitumia cha kampuni moja, na sikukifikiria zaidi ya ninavyoufikiria mswaki.

Wiki aliyozaliwa binti yetu, mume wangu alizunguka maduka ya dawa ya mjini akarudi na boksi la rangi nyingine.

"Zile zimeadimika," akasema. "Ila wamesema hizi ni dawa ile ile, kampuni tu ndiyo tofauti."

Mume wangu akiambiwa jambo na mtu aliyevaa koti jeupe, hana swali la pili. Mimi nililigeuzageuza lile boksi kwa mashaka, lakini nilimeza, maana bila kidonge sina ujanja.

Niliporudi kutoka hospitali nilimkuta mama mkwe ameshafika nyumbani kwetu Daraja Mbili. Alikuwa ameshuka kutoka kwao, juu ya Maji ya Chai, na ndizi za kupikia supu ya mtori, madumu ya maziwa na sheria zake. Mzazi hashiki kazi, hatoki nje, na hanywi maji, hasa ya baridi, kwa sababu tumbo lake bado liko wazi. Kila asubuhi, kabla sijaweka mguu chini, alikuwa amesimama pembeni ya kitanda na kikombe cha maziwa ya moto. "Kunywa, mwanangu, mtoto apate." Utamkatalia vipi mama mkwe aliyemtangulia jogoo kuamka kwa ajili yako? Nilikunywa, na kidonge nikakishushia humo humo.

Ilianza baridi. Majirani walikuwa wanalalamikia joto, mimi nimevaa sweta mbili na soksi. Sauti ikawa nzito, nywele zikabaki kwenye kitana, na nikawa sikumbuki nimemnyonyesha mtoto titi lipi. Mama mkwe alisema ni uchovu wa uzazi, akaongeza maziwa.

Mchana mmoja alitoka nje kuanua nepi. Nilikuwa nimekaa kitandani nanyonyesha, na sikumbuki kusinzia. Ninachokumbuka ni mkono wake ukinisukuma bega kwa nguvu, na mtoto akichomolewa chini yangu. Pua yake ilikuwa imebanwa kwenye titi langu na midomo imekuwa ya zambarau. Mtoto alikaa kimya, akaendelea kukaa kimya, kisha akalia. Mama mkwe alimkumbatia kifuani, hamwachii. Mimi nilikuwa namtazama mtoto akilia kama wa jirani.

Hofu ilinifikia jioni, na ilipofika haikuondoka. Niliogopa mikono yangu mwenyewe. Nikawa nanyonyesha nikiwa nimekaa sakafuni, nimejizungushia mito, na mama mkwe akielekea mlangoni nilizua sababu ya kumrudisha: mara kiu, mara mgongo. Yeye naye aliacha kwenda hata ibada ya Jumapili. Hakuniambia kwa nini, na sikuuliza, maana nilijua watu humwitaje mzazi anayemlalia mwanawe.

Nikaamua mchawi ni lile boksi. Nilimwambia mume wangu dawa zake ni feki na kwamba zitamuua mwanawe kwa mikono yangu. Kwa hilo hakubisha. Alituma picha ya boksi la zamani kwa kila aliyemjua, mpaka binamu yake wa Nairobi akazipata zile dawa, zikavushwa mpaka wa Namanga kwa basi. Zilipofika nililia. Nilimeza cha kwanza asubuhi yake, kwa maziwa kama kawaida, nikaanza kungoja nirudi kuwa mimi.

Sikurudi. Baridi ilikuwa ile ile na usingizi ule ule. Hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli. Wakati ubaya ulikuwa wa boksi, mimi nilikuwa mzima niliyepewa dawa mbovu. Sasa dawa nzuri ninayo na bado siaminiki kuachiwa mwanangu, basi ubaya ni wangu mwenyewe. Niliona nimeshakuwa mama wa namna hiyo na hakuna wa kunitibu.

Mume wangu alinipeleka hospitali bila kuniuliza. Mama mkwe naye akaja, mtoto mgongoni. Daktari, mwanamke wa makamo, alimwamkia mama mkwe shikamoo, akanipima damu, na majibu yalipotoka aliyasoma kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza ninameza kidonge na nini.

Mama mkwe alinijibia, kwa fahari. "Na maziwa yangu, daktari. Ya moto. Maji simpi, huyu ni mzazi."

Daktari aliweka kalamu chini. "Mama, maziwa yanaishika hii dawa tumboni, haiingii mwilini yote inavyotakiwa. Iwe ya kampuni hii, iwe ya ile, nyingi ilikuwa inapotea." Hakumgombeza. Alisema kama tunaogopa baridi, maji yawe ya uvuguvugu, na maziwa yaje baadaye kabisa, asubuhi ikishakwenda. Mimi akanionya nisibadilishe tena kampuni bila kurudi kupima.

Kesho yake kikombe kililetwa kikiwa na maji ya uvuguvugu. Mama mkwe alikitazama kwa kukichukia, akanipa. Tuliendelea hivyo. Joto lilinirudia kwanza, kisha sauti, kisha siku moja mtoto alipiga chafya nami nikaruka kutoka kwenye kiti.

Wakati wa mama mkwe kurudi kwao ulipokaribia, nilikuwa namwogesha mtoto mwenyewe, yeye ameketi kwenye kigoda anatazama.

"Ulipokuwa unaumwa nilishaongea na mume wako," akasema. "Nilikuwa niondoke na mtoto, nikamlee kwa maziwa ya ng'ombe mpaka upone. Nguo zake nilishazifunga."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nikazisubiri zije. Mume wangu alijua na alinyamaza, wote wawili walikaa nyumbani kwangu wakipanga hilo. Hasira hazikuja. Nilimtoa mtoto majini nikamfunika kwa khanga.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nilijua utakataa."

"Siku zile nisingekataa," nikamwambia. "Ningekupa mwenyewe, na wala nisingelia."