Pampu Haifi Yenyewe

Kabla sijaweka mkoba wangu chini, mwenye nyumba aliniambia, "Kutengeneza ni baadaye. Kwanza uniambie nani ameharibu. Pampu haifi yenyewe."

Alikuwa na nyumba ya wageni Kitale, upande wa kwenda Matisi, na jikoni mwake kulikuwa na mashine ya kuosha vyombo aliyoinunua Nairobi ikiwa imeshatumika. Wafanyakazi walimwita madam, nami nikamwita hivyo hivyo. Miezi ile nilikuwa Bungoma, nikikaa na fundi mmoja wa kusuka upya nyaya za mota. Kabla ya hapo nilizungukia pampu za wakulima wa Mabanga, na kabla ya hapo nilisaga mahindi Kamukuywa. Shule niliiacha mapema. Walimu walichoshwa na maswali yangu nami nikachoshwa na majibu yao. Mashine ya kuosha vyombo sikuwahi kuifungua hata moja. Nilikubali kazi ile kwa sababu nilitaka kuona ndani.

Kwenye sinki alisimama mama mmoja akisugua sufuria. Nilimsalimia kwa Kibukusu, akaitika nusu na kunipa mgongo.

"Ni huyu," madam alisema, kama vile yule mama alikuwa kabati. "Tangu mashine ije amenuna. Ukinipatia ushahidi, leo analala kwao. Na hapa Kitale hakuna jikoni itamchukua. Mimi nitahakikisha."

Mama aliendelea kusugua. Nilielewa kwamba sikuitwa kama fundi. Niliitwa kama shahidi, na nikamchukia madam papo hapo.

Niliiwasha mashine. Ikaingiza maji vizuri, kisha ikaanza kuvuma kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Mikono ya kurushia maji haikuzunguka. Niliweka ncha ya bisibisi kwenye mwili wa pampu na mpini wake sikioni: mota ilikuwa na umeme, ilitaka kuzunguka, haikuweza. Hapo kuna mambo mawili. Ama kapasita imechoka na mota haipati msukumo wa kuanza, ama kitu kimeishika. Nilizima umeme, nikabadilisha kapasita na nyingine niliyokuja nayo. Mvumo ule ule.

"Unabahatisha," madam alisema.

"Ninaondoa moja moja, madam."

"Fundi niliyemwita kabla yako aliangalia tu akajua."

"Na akatengeneza?"

Yule mama alinitupia jicho la haraka, na halikuwa jicho la shukrani.

Nilikomba maji kwa kikombe, nikalaza mashine ubavu, nikalegeza vishikizo na kuitoa pampu. Maji machafu yakamwagika sakafuni. Madam akaruka na kulaani. Nilipofungua kifuniko cha pampu niliona ile propela ndogo inayosukuma maji imezikwa. Mabaki ya ugali yalikuwa yamepikwa upya na maji ya moto hadi yakawa gundi, yakakauka kama saruji, na katikati ya ile saruji kulikuwa na kipande cha mfupa wa kuku kimejipenyeza kati ya propela na ukuta.

"Si unaona!" Madam alipiga makofi. "Ameingiza mfupa! Nilisema!"

Lakini mfupa haufiki pale hivi hivi. Juu ya pampu kuna chujio. Nililichukua, nikaligeuza kwenye mwanga. Lilikuwa zima, halijatoboka. Nikalirudisha mahali pake na kulibonyeza. Likakaa, ila ukingoni likaacha mwanya wa kupitisha kidole. Nikalizungusha kidogo kulia. Likalia *tak*, mwanya ukafungika.

"Nani huosha hili chujio?" niliuliza.

Yule mama aliacha kusugua. Nadhani alitaka ninyamaze. Mimi sikuwahi kujua kunyamazia kitu nilichokwisha kukiona.

"Mimi mwenyewe," madam alisema. "Kila jioni. Huyu simruhusu aguse mashine yangu."

"Basi ni wewe, madam. Unalirudisha bila kulizungusha. Uchafu unapita pembeni."

Uso wa madam ulikaza polepole, kama uji unaopoa.

"Ati mimi?" Alinitazama, kisha akamtazama yule mama. "Aa. Sasa nimeelewa. Asubuhi nilisikia mkisalimiana kwa lugha yenu. Nyinyi watu wa Bungoma mmepanga. Wewe mama, vua aproni. Toka."

Nilibisha. Nilisema sikuwa nikimjua mama huyu, nikasema chujio liko pale, ajaribu mwenyewe kulizungusha. Kila neno lilimzidishia hasira. Nilitoka nje kupumua, na mlangoni nikamkuta yule mama, aproni mkononi.

"Nani alikutuma unitetee?" aliniuliza.

"Nimesema ukweli, mama. Hukufanya kosa."

"Na nani aliuliza kama nimefanya kosa? Wewe kijana una akili kweli? Mimi nilikuwa nimejipanga kuomba msamaha. Angepiga kelele, ningesema nisamehe madam, ni mimi, angeshiba, kesho tungeendelea. Friji nilikubali ni mimi. Pasi ni mimi. Bomba la choo ni mimi. Niko hapa bado. Sasa wewe umemwaibisha mbele yangu. Ataniangaliaje kesho?"

"Kwa hiyo ulitaka niseme uongo."

"Nilitaka utengeneze pampu, bana, uende zako! Rudi ndani useme uliangalia vibaya."

"Siwezi."

"Ukweli ni wako. Kazi ni yangu." Alisimama katikati ya njia, hakulia, hakunisogelea. "Wewe leo uko hapa, kesho uko wapi? Hata wewe hujui."

Hilo lilinichoma kuliko yote, kwa sababu alikuwa hanijui na alikuwa sahihi. Sina nyumba wala cheti. Nilichokuwa nacho ni kwamba nikitazama kitu, ninakitazama vizuri, na sasa alitaka nikivue hicho kama yeye alivyovua aproni.

Nilirudi ndani nikiwa na hasira naye. Nilikwangua ile saruji kwa kisu, nikang'oa mfupa, nikasafisha propela mpaka ikazunguka kwa kidole. Nikarudisha kila kitu na kuwasha. Maji yakaanza kupiga kuta za mashine kwa nguvu, kama mvua kwenye mabati. Madam alisikiliza, mikono kifuani.

"Madam," nilisema, "nimeangalia tena. Hilo chujio linaonekana liliguswa mchana, baada yako."

Alinitazama. Alijua. Na alijua kwamba ninajua anajua.

"Fundi mzuri ni yule anaangalia mara mbili," alisema. "Mwite."

Mama aliingia akiwa ameshavaa aproni. "Nisamehe madam, ni mimi."

"Si ungesema tangu asubuhi?"

"Niliogopa, madam."

"Haya. Fundi, mwonyeshe asirudie."

Basi nikazima mashine, nikamfundisha yule mama, kwa sauti ya kujaza jikoni, kazi ambayo hangeruhusiwa kuifanya kamwe: chujio unaliingiza hivi, unalibonyeza, halafu unalizungusha kulia mpaka lilie. Akarudia nyuma yangu kama mtoto wa darasa la kwanza, bila kunitazama usoni. Madam alikuwa amegeukia dirisha. Mkono wake wa kulia, uliokuwa umeshika pazia, ulikuwa ukizunguka kidogo kidogo, ukijifunza.