Ukuta wa Mawe Ulioanguka

Harufu ya baruti na jiwe lililolowa ilitangulia kuingia nyumbani kwetu katika mtaa wa Tena kila jioni, kisha mama akafuata, viatu mkononi. Alikuwa mwanajiolojia katika machimbo ya mawe nje kidogo ya mitaa yetu. Likizo ya Agosti nilipokuwa darasa la nne, msaidizi wetu wa nyumbani alikwenda kwao, ikabidi mama anichukue kazini. Nilidhani mtu aliyesoma hadi chuo kikuu hukaa ofisini. Kumbe alishinda juani akigonga ukuta wa mawe kwa nyundo na kutega sikio, akipima nyufa, akipaka rangi nyekundu pasipofaa kukaribiwa. Mara nyingine alilamba jiwe, nami nikaona haya mbele ya wachimbaji. Akacheka: ulimi, alisema, huujua udongo upesi kuliko jicho.

Asubuhi moja aligonga upande wenye kivuli, akaridhika. "Keti hapa, Nekesa. Hapa pako salama." Nikaketi na mkoba wangu. Baadaye kiu ikanibana, nikaenda kwenye tangi la maji. Nilikuwa nimeinamia bomba ardhi ilipotikisika miguuni pangu. Nilipogeuka, pale nilipoketi palikuwa na jiwe kubwa kama kibanda cha duka, na vumbi tupu. Mama alikuwa akichimba kifusi kwa kucha, akiita jina langu. Mzee Barasa, msimamizi wa wachimbaji, ndiye aliyenishika mkono akanipeleka. "Madam, mtoto huyu hapa." Mama alinikodolea macho kama mtu asiyenijua, kisha akaketi mavumbini.

"Ajali haina kinga, Madam," mzee alimliwaza.

"Kinga ilikuwa mimi," mama akajibu.

Aliondoa watu wote, akapanda juu. Huko aliukuta ufa uliofunikwa na nyasi. Asubuhi ile hakuwa amepanda kutazama. Kilichonishtua zaidi ni kesho yake: alivaa viatu vyake, akarudi kazini.

Siku hizi kuna mitambo inayopima ukuta usiku na mchana, na mtoto hapiti lango la machimbo. Nashukuru. Majuzi, mama akiwa amestaafu, nilithubutu kumuuliza aliwezaje kurudi. Alinitazama kwa mshangao. "Wale vijana wachimbaji walikuwa bado wanafanya kazi chini ya ukuta. Ulitaka nani aukague, mtu ambaye hajawahi kuogopa?"